Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kudhibiti moshi kwenye majengo, hesabu zake, na kanuni zinazobadilika kila siku

Haya maswali nayapata sana, kwa mafundi, kwa wasanifu, kwa wenye majengo, hata kwa mainjinia wenzangu wanaofanya mabomba na umeme, nikaona niyaweke sehemu moja tuache kurudiarudia. Kazi yangu ni kupiga hesabu za moshi halafu kwenda saiti kupima kama zile hesabu zilikuwa za kweli, na niseme tu mapema, saiti inashinda mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Nikiandika "kanuni" namaanisha kanuni za ujenzi na za moto. Neno kodi (lile la Kiingereza, code) silitumii, mtu ataanza kuulizia risiti.

Kudhibiti moshi si ni kufunga feni kubwa inayovuta moshi nje? Kuna nini cha kuchambua hapo?

Kuvuta ni njia mojawapo tu. Kuna kuvuta moshi juu ili tabaka lake lisishuke mpaka kwenye vichwa vya watu, hii ndo ya kwenye kumbi ndefu zilizo wazi ghorofa hadi ghorofa, zile wanaita atriamu. Halafu kuna kusukuma, yaani unapuliza hewa safi kwenye ngazi au kwenye shimo la lifti mpaka presha ya mle ndani iwe juu kuliko ya korido, moshi ukitaka kuingia unarudishwa. Na kuna ile ya kimya kimya ambayo haina feni yoyote, ni kuta na milango isiyopitisha moshi. Jengo moja linaweza kuwa na zote tatu na hapo ndo kazi inapoanza, maana feni ya kuvuta ya huku inaweza kuharibu presha ya ngazi ya kule, kila mmoja kapiga hesabu zake vizuri kabisa ila hakuna aliyepiga hesabu za vyote vikiwaka kwa pamoja.

Mbona mnahangaika na moshi kuliko moto wenyewe?

Kwa sababu moshi unasafiri, moto unabaki nyuma. Mfano ambao kila mtu wa fani hii anaujua ni hoteli ya MGM Grand, Las Vegas, Novemba 21, 1980. Moto ulianzia chini kwenye mgahawa, hitilafu ya umeme, ukateketeza ukumbi wa kasino. Walikufa watu 85, na wengi wao walikuwa ghorofa za juu kabisa ambako moto haukufika. Moshi ulipanda kwa ngazi, kwa mashimo ya lifti, na kwa zile nafasi zinazoachwa kati ya sehemu mbili za jengo ili zicheze tetemeko likija. Yaani mtu kalala mbali na moto, moshi unamfuata kwa njia ambazo kwenye mchoro hazionekani kama njia. Ukitaka kuelewa kwa nini kanuni za majengo marefu zina kurasa nyingi hivyo za moshi, anzia hapo.

Kanuni zinabadilika mara ngapi, na jengo langu linafuata toleo lipi?

Inategemea uko chini ya mfumo gani. IBC, yaani kanuni za ujenzi za Marekani, ilitoka mara ya kwanza mwaka 2000, ikaunganisha kanuni tatu za zamani, na toka hapo toleo jipya linatoka kila baada ya miaka 3. NFPA 92, nayo ya Marekani, ambayo ndo kiwango cha mifumo ya moshi chenyewe, ilizaliwa 2012 baada ya kuunganisha 92A (ya presha) na 92B (ya kumbi kubwa). Ulaya walikuwa na EN 12101-6 ya 2005 kwa mifumo ya presha, 2022 ikapasuliwa mbili, vifaa vikabaki kwenye 12101-6 na mambo ya kusanifu, kufunga na kupima yakahamia 12101-13. England nako, baada ya moto wa Grenfell, London, mwaka 2017 ambapo walikufa watu 72 kwenye jengo lenye ngazi moja, mwongozo umebadilishwa, majengo mapya ya kuishi ya mita 18 na kuendelea yanatakiwa yawe na ngazi ya pili kuanzia Septemba 30, 2026.

Kwa kawaida jengo linahukumiwa kwa toleo lililokuwa linatumika siku michoro ilipoombewa kibali. Ila ukija kufanya ukarabati mkubwa, au ukabadilisha matumizi, ofisi ikawa hoteli kwa mfano, ile kinga ya "sisi tulijenga zamani" inaisha nguvu. Na hata pale sheria haikulazimishi, mwenye mamlaka anaweza kukuuliza swali ambalo ripoti ya zamani haina jibu lake. Hili linatokea sana aisee.

Zamani walikuwa wanafanyaje kabla ya hizi hesabu ngumu?

Walikuwa wanahesabu mabadiliko ya hewa. Kanuni za enzi hizo zilisema hewa ya ukumbi ibadilishwe mara 4 au mara 6 kwa saa, unachukua ujazo wa ukumbi unazidisha, unagawanya, unanunua feni, kazi kwisha saa nne asubuhi.

Shida ni kwamba moshi haujui ujazo wa ukumbi. Moshi unaujua ukubwa wa moto na urefu uliopanda, basi. Kumbi mbili zenye ujazo sawa, moja fupi na pana, nyingine nyembamba na ndefu, zinatoa moshi tofauti kabisa kwa moto uleule, lakini kwa njia ya zamani zinapata feni ileile. Bado nakutana na majengo ya enzi hizo, feni zinanguruma vizuri, na ukipiga hesabu za leo unakuta moja ina feni kubwa mara mbili ya inavyohitaji na nyingine ina nusu.

Sasa huo "uchambuzi wa kihandisi" wanaoudai kwenye kibali ni kitu gani hasa?

Ni maandishi yanayoeleza mfumo utafanyaje kazi na kwa nini, siku mambo yakiwa mabaya. Kwenye IBC orodha inajulikana: jengo kugeuka dohani, joto la moto, upepo, mifumo ya kiyoyozi, hali ya hewa, muda wa mfumo kufanya kazi, na siku hizi mwingiliano wa mifumo kama kuna zaidi ya mmoja. Watu wanajaza hii orodha kama fomu, upepo aya moja, joto aya moja. Mimi huwa nasoma ripoti nikitafuta kitu kimoja tu, je huyu mtu kazipambanisha hizi nguvu pamoja? Upepo peke yake hauui mfumo, baridi peke yake haiui. Upepo ukija upande mbaya siku ya baridi kali huku mlango wa chini wa ngazi umefunguliwa na watu wanaotoka, hapo ndo tuongee.

Hilo la jengo kuwa dohani ni kweli au ni la vitabuni?

Ni kweli na namba zake zinatisha. Hewa ya joto ni nyepesi, kwa hiyo nje kukiwa na baridi, jengo zima linavuta hewa chini na kuitoa juu kama dohani ya jiko. Kwenye jengo refu kuna usawa fulani katikati ambapo presha ya ndani na ya nje zinalingana, na kadiri unavyopanda juu ya hapo tofauti inaongezeka. Kanuni yake: 3460 unazidisha na tofauti kati ya moja gawanya joto la nje na moja gawanya joto la ndani (joto liwe la Kelvin), halafu unazidisha na mita kutoka kwenye ule usawa.

Tuchukue ndani nyuzi 22, nje nyuzi 10 chini ya sifuri. Inatoka kama Paskali (kipimo cha presha) 1.43 kwa kila mita. Ukiwa mita 60 juu ya usawa wa kati tayari una Paskali 86. Sasa kumbuka presha ya chini inayotakiwa kuzuia moshi kwenye ukuta wa jengo lenye sprinkla (vile vinyunyizio vya maji vya darini) ni Paskali 12.5 hivi. Yaani hali ya hewa tu, bila moto, ina nguvu karibu mara 7 ya mfumo wako.

Sehemu za joto jengo linageuka dohani kichwa chini. Nje nyuzi 38, ndani kiyoyozi kimeshusha mpaka 23, unapata Paskali 0.56 kwa mita, kwa mita zilezile 60 ni 34 hivi, ila safari hii hewa ya mashimoni inashuka. Ni ndogo kuliko ya baridi ila sio ya kupuuza, na wengi wanaipuuza kwa sababu mifano mingi ya vitabuni imeandikwa na watu wa nchi za baridi.

Presha ya ngazi iwe ngapi? Naona kila toleo na namba yake.

Uko sahihi, na hapa ndo pananichosha. Matoleo ya mwanzo ya IBC yalidai ngazi iwe na angalau inchi 0.15 za maji, Paskali 37, baadaye ikashuka ikawa 0.10, Paskali 25, na juu isizidi 0.35 ambayo ni Paskali 87. Ulaya ile ya 2005 ilizoeleka kwa Paskali 50, ya 2022 imeshuka mpaka 30 na ikasisitiza zaidi kasi ya hewa mlango ukiwa wazi, mita 1 kwa sekunde au mita 2 kutegemea daraja la mfumo.

Ukiangalia kwa haraka utasema wanalegeza. Sio kulegeza. Wamegundua kwamba kugombania presha kubwa na mlango uliofungwa ni rahisi, ugumu ni mlango ukifunguliwa, na presha kubwa inakuletea tatizo jingine la swali linalofuata.

Si bora niweke feni kubwa kabisa nilale usingizi?

Utalala wewe, mtu wa ghorofa ya 14 atashindwa kufungua mlango. Presha ya ngazi inausukuma mlango ujifunge kuelekea korido, na mtu anayekimbia anausukuma kuingia ngazini. Chukua mlango wa sentimita 90 kwa mita 2.1, kitasa kiko sentimita 7.5 kutoka ukingoni. Kwa Paskali 87 hewa peke yake inadai nguvu ya Niutoni 90 pale kwenye kitasa. Ongeza ile mashine ya juu inayoufunga mlango wenyewe, tuseme 45, unapata 135. Kikomo cha Marekani cha kuufanya mlango uanze kusogea ni 133. Umeona? Presha bado iko ndani ya kanuni, mlango umeshatoka nje ya kanuni. Kwa Ulaya ambako kikomo ni 100, mlango uleule kwa Paskali 50 unasoma 96 hivi, umebakiwa na Niutoni 4 za kupumulia.

Nilikuwa saiti moja tunapima, tuna kile kimzani cha kuvuta na kusukuma kinachoonyesha Niutoni, mlango unasoma 128, fundi anafurahi tumepita. Mama mmoja wa usafi akaja na ndoo yake kutaka kupita, akasukuma kwa mkono mmoja mlango haukutikisika, akaweka ndoo chini, akaegemeza bega, ukafunguka kidogo ukajirudia. Akatuangalia kama sisi ndo tumeufunga. Kwa kanuni tulikuwa tumepita. Tukalegeza mashine ya mlango, ikashuka mpaka 110, na bado nikaandika kwenye ripoti kwamba feni ifungwe kidhibiti mwendo inayosoma presha, sio kukimbia spidi moja muda wote.

Mlango mmoja ukifunguliwa kwani presha yote inapotea?

Karibu yote, kama hukujipanga. Mlango uliofungwa wenye upenyo (nyufa zake zote zikijumlishwa) wa mita za mraba 0.02 kwa Paskali 50 unapitisha kama mita za ujazo 0.12 kwa sekunde. Mlango uliofunguliwa wazi ukitaka hewa ipite kwa mita 1 kwa sekunde unahitaji 1.9. Mlango mmoja wazi unakunywa hewa ya milango 16 iliyofungwa. Ndo maana swali la "milango mingapi wazi kwa wakati mmoja" lina uzito kuliko swali la "ghorofa ngapi", na ndo maana ukikuta ripoti haijataja hiyo idadi, irudishe.

Kwenye atriamu hesabu inaendaje?

Unaanza na moto wa kubuni, yaani ule unaouchukulia kwenye hesabu, unapiga hesabu ya nguzo ya moshi inayopanda, unajua kilo ngapi za moshi zinafika juu kila sekunde, feni inabidi itoe kiasi hichohicho ili tabaka libaki pale unapotaka. Kwa IBC tabaka libaki angalau mita 1.8 juu ya sakafu ya juu kabisa ambayo watu wanapita kutafuta njia ya kutokea.

Kitu ambacho watu hawaamini mpaka wapige wenyewe: urefu una nguvu kuliko ukubwa wa moto. Moto wa kilowati 5,000, ukihesabu asilimia 70 ndo inayopanda na moshi, tabaka likiwa mita 10 juu ya moto nguzo inabeba kama kilo 56 kwa sekunde. Upunguze moto kwa nusu, kilowati 2,500, unapata 43. Umekata nusu ya moto, umepungukiwa robo tu ya moshi! Sasa rudisha moto kwenye 5,000 halafu pandisha tabaka mpaka mita 15, inaruka mpaka kilo 105. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya kile tunachoita moshi ni hewa safi ya ukumbini iliyonyonywa na nguzo njiani, na safari ikiwa ndefu inanyonya zaidi.

Kwa hiyo msanifu akija na wazo zuri la kuongeza kibaraza cha juu ghorofa moja zaidi, "ni cha kahawa tu injinia", hiyo kahawa inaweza kukugharimu feni mbili na umeme wake.

Hewa ya kufidia ni nini na kwa nini mnaisumbukia?

Feni haiwezi kutoa kitu kama hakuna kinachoingia. Ukitoa mita za ujazo 57 kwa sekunde bila kuachia hewa iingie chini, ukumbi unakuwa na mvuto, milango ya nje inagoma kufunguka na feni inazunguka bila faida. Wengi wanaachia asilimia 85 hadi 95 ya kinachotolewa, inayobaki inapenya kwenye nyufa. Iingie chini ya tabaka la moshi, na ikigusa nguzo ya moshi isizidi kama mita 1 kwa sekunde (1.02 kwa NFPA 92), la sivyo inaupeperusha moto, nguzo inainama, inanyonya hewa nyingi zaidi na hesabu yako yote imekufa.

Kosa la upande wa juu nalo lipo, kuvuta hewa nyingi kupitia tundu moja wakati tabaka la moshi bado jembamba. Feni inatoboa tabaka na kuanza kunyonya hewa safi ya chini, kama maji ya beseni yanavyofanya shimo katikati ukichomoa kizibo. Gawa kwenye matundu mengi.

Moto wa kubuni nauchagua vipi? Nani kasema 5,000?

Hakuna namba takatifu. Unaangalia kitakachowekwa pale, kitakuwa kingi kiasi gani, sprinkla zitawahi au dari ni ndefu mno kiasi kwamba joto likifika juu limeshapoa. Kwenye atriamu ya mita 25 sprinkla za darini usizihesabie sana. Halafu usiangalie kilowati tu, angalia masizi. Mbao inayoungua vizuri inatoa gramu 0.015 hivi za masizi kwa kila gramu iliyoungua, sponji ya makochi inaweza kutoa 0.1 na zaidi. Gramu zilezile zilizoungua, masizi karibu mara saba. Na watu hawatembei gizani, wakiona chini ya mita 10 kwenye jengo wasilolijua wanasita, wengine wanarudi walikotoka.

Hapa ndo mabadiliko ya matumizi yanapouma. Ukumbi ulisanifiwa kuwa mtupu wenye mawe na kioo, miaka mitatu baadaye wameweka makochi, vibanda vya maonyesho na mti mkubwa wa plastiki. Kanuni haijabadilika hata mstari, lakini uchambuzi umeshakufa.

Lazima nitumie programu za kompyuta?

Sio lazima kila mara. Kwa presha za ngazi na mashimo kwenye jengo refu, ndio, tumia CONTAM, ni ya NIST (taasisi ya viwango ya Marekani), ya bure, inachukua kila chumba kama boksi na kupiga hesabu za hewa zinazopita kwenye nyufa. Kwa ukumbi wenye umbo la ajabu tumia FDS, programu ya kuiga moto na moshi, nayo ya NIST, imekuwepo wazi toka 2000. Ukumbi wa mraba wa kawaida, kalkuleta na karatasi vinatosha na mkaguzi atakushukuru.

Ukitumia FDS angalia ukubwa wa vijisanduku ambavyo programu inagawanyia ukumbi ili ipige hesabu. Kwa moto wa kilowati 5,000 kipimo cha moto kinachoitwa D-nyota ni kama mita 1.8, na watu wanakaa kati ya D-nyota gawanya 4 na gawanya 16, kwa hiyo sentimita 45 ni chafu na 11 ni safi. Nimeona ripoti yenye picha za rangi nzuri sana za moshi, unaingia ndani unakuta vijisanduku vya mita 1 pale penye moto. Picha nzuri haijawahi kuokoa mtu.

Mfumo ufanye kazi dakika ngapi?

Soma toleo lako kwa makini maana neno moja limebadilika. Matoleo ya zamani ya IBC yalisema dakika 20 au mara 1.5 ya muda wa watu kutoka, *ipi ndogo*. Ya karibuni yanasema *ipi kubwa*. Jengo ambalo watu wanatoka kwa dakika 40, zamani 20 zilitosha, sasa ni 60. Hiyo inagusa jenereta, mafuta yake, nyaya, na joto ambalo feni inaweza kuvumilia. Neno moja tu hilo.

Jengo lina sprinkla, bado nahitaji haya yote?

Kama kanuni inakudai, ndio. Sprinkla zinakupa unafuu: kwa NFPA 92 ukuta wa jengo lenye sprinkla unahitaji Paskali 12.5, lisilo nazo inaanzia 25 kwa dari ya mita 2.7 mpaka 45 kwa dari ya mita 6.4.

Mfumo wa kutoa moshi baada ya moto kuzimwa ni huohuo?

Hapana. Ule ni wa zimamoto kusafisha jengo wakishamaliza, haumlindi mtu anayetoka. Usiruhusu mtu akuuzie ule kwa jina la huu.

Tumebadilisha milango na sakafu tu, hatujagusa feni. Kuna shida?

Inawezekana ikawa shida kubwa kuliko mngegusa feni. Kwa hewa ileile, ukiongeza upenyo mara mbili presha inashuka mpaka robo. Niliitwa jengo moja, mfumo ulipimwa ukapita, miaka michache baadaye presha ya ngazi imeanguka, wameshabadilisha mikanda ya feni mara mbili, wamesafisha vichujio, wapi. Nikapiga magoti mlango wa kwanza niliokutana nao nikaingiza kidole chini, kikapita chote. Walikuwa wameng'oa zulia korido zote wakaweka kitu chembamba, pengo lililokuwa milimita 3 limekuwa 12. Kwa mlango wa sentimita 90 hiyo ni mita za mraba 0.008 za ziada, mlango uliokuwa na 0.012 sasa una 0.020. Presha ya Paskali 50 inabaki kama 18. Wakafunga mipira ya chini ya milango, feni haikuguswa, presha ikarudi.

Aliyebadilisha zulia hakujua anagusa mfumo wa moto, na kwa haki kabisa, hakuna mtu aliyemwambia.

Mnapimaje? Tuwashe yale mabomu ya moshi?

Wateja wanayapenda sana kwa sababu wanaona kitu. Ule moshi ni wa baridi, haupandi kama moshi wa moto, unazagaa tu, kwa hiyo unaweza kufelisha mfumo mzuri au kupitisha mbovu. Pima vitu vyenye namba: presha kila ghorofa, nguvu ya mlango, kasi ya hewa mlango ukiwa wazi, ujazo wa feni, na muda toka sensa ishtuke mpaka kila dampa (kile kilango cha kufungua na kufunga njia ya hewa) na feni ifike mahali pake.

Na pima kwa umeme wa dharura. Kata umeme wa kawaida kweli kweli. Nimeshaona mfumo uliofanya kazi vizuri kabisa, tukakata umeme, jenereta ikawaka, feni zikawaka, dampa moja ya juu ya ngazi ikabaki imefungwa, kumbe waya wake ulikuwa umeungwa kwenye laini ya taa za ofisi. Kwenye paneli ya zimamoto taa ya kijani inasema dampa iko wazi, kwa sababu ile taa ilikuwa inasoma amri iliyotumwa, haikuwa inasoma dampa yenyewe ilipo. Tulipanda juu tukaiona kwa macho, imejifunga kama duka la sikukuu.

Baada ya kukabidhiwa nani anaendelea kupima na kila lini?

Mwenye jengo ndo mwenye jukumu, hata kama kaajiri kampuni. Kwa NFPA 92, mfumo ambao kazi yake ni moshi tu unapimwa kila miezi 6, ule unaotumia pia feni za kiyoyozi cha kila siku unapimwa mara moja kwa mwaka. Ratiba hazikutofautiana kwa bahati mbaya, ni kwa sababu feni ya kila siku ikiharibika watu wanalalamika joto keshoyake, ile ya moshi inaweza kufa mwaka mzima na hakuna atakayejua.

Nikikabidhiwa ripoti ya uchambuzi niangalie nini kwanza?

Ruka picha, ruka muhtasari, nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa dhana. Uwe umeandika toleo la kanuni na mwaka wake, joto la nje la baridi na la joto lililotumika, upenyo wa kuta na milango kwa namba, milango mingapi wazi na ipi, moto gani na wa kitu gani, muda wa kutoka na umetokea wapi. Vikiwa vimeandikwa, kanuni ikibadilika mtu anakaa nusu siku anajua kipi kimeanguka na kipi bado kiko sawa. Visipoandikwa, unalipia uchambuzi upya kuanzia sifuri, na fundi anarudi tena kupima milango yote. Nimeshika ripoti ya kurasa zaidi ya 200, imefungwa vizuri na jalada gumu, kwenye jedwali la upenyo wa milango ya ngazi, safu yote, ghorofa zote, imeandikwa neno moja: "kawaida".